Tumzike vipi mzazi? Ubishi uliozaa falsafa ya maadili ya China ya kale

Pitia status za watu asubuhi yoyote, hutakosa picha ya mzee mwenye ndevu ndefu na chini yake maneno "Confucius alisema". Mara ni usemi wa kumfundisha mtu kuvua badala ya kumpa samaki, mara ni ule wa kuchagua kazi unayoipenda ili usihisi kama unafanya kazi. Hakuna hata mmoja uliomo katika Lunyu, kitabu cha sura 20 ambamo wanafunzi wake na waliowafuata walikusanya mazungumzo yake. Mzee wa watu amegeuzwa kalenda ya ukutani. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa China ya kale aliyebishiwa na wanafunzi wake uso kwa uso, na alipokufa wakaja watu wenye akili kali kama yake, wengine wakampinga, wengine wakamtetea, kwa zaidi ya miaka 200.

Ndiyo maana anayetaka kuielewa falsafa hiyo namshauri aanze na ugomvi. Semi atazikuta njiani. Na ugomvi ulio rahisi kuufuata unahusu jambo ambalo kila ukoo unalijua: mzazi akifa, mtoto anadaiwa nini? Ukiushika uzi huo mmoja utakutana na karibu kila mwanafalsafa mkubwa wa zama zile.

Kwanza mazingira. Mwaka 770 KK wafalme wa ukoo wa Zhou, baada ya kushambuliwa, walihamishia makao yao mashariki, Luoyang. Tangu hapo jina la ufalme lilibaki lakini nguvu zikahamia kwa watawala wa madola madogo madogo. Confucius alizaliwa mwaka 551 KK katika dola la Lu, eneo la Qufu, ambalo leo liko katika jimbo la Shandong. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alianza na kazi za chini, ikiwamo kutunza ghala la nafaka na kusimamia mifugo. Baadaye akafundisha, akapata cheo kwa muda, kisha akaondoka Lu na kuzunguka madola mengine kwa takriban miaka 14 akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata. Alirudi kwao, akafa mwaka 479 KK. Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu zaidi: madola yalimezana mpaka likabaki moja, Qin, mwaka 221 KK. Watu wote nitakaowataja hapa walifikiri huku vita vikiwa jirani.

Sasa msiba wenyewe. Ada ya kale ilimtaka mtoto aomboleze miaka mitatu. Kwa hesabu halisi ilikuwa miezi 25, yaani ukishaingia mwaka wa tatu umemaliza, lakini wote waliita miaka mitatu. Mfiwa alivaa nguo ya nyuzi ngumu isiyopindwa pindo, akala uji mwepesi, akahamia kwenye kibanda kilichoegemezwa ukutani, akalala juu ya majani makavu huku bonge la udongo likiwa mto wake.

Siku moja Zai Wo, mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi ambaye mwalimu aliwahi kumkuta amelala mchana na kumwita ubao uliooza usiochongeka, alitoa hoja kwamba mwaka mmoja unatosha. Wala hakuongea ovyo. Mtu mwenye elimu akiacha kufanya ada kwa miaka mitatu, alisema, ada zitaharibika. Akiacha muziki miaka mitatu, muziki utaporomoka. Katika mwaka mmoja nafaka ya zamani imekwisha na mpya imeota, hata miti ya kupekechea moto imeshazunguka misimu yote. Mwaka basi.

Confucius akamuuliza: baada ya huo mwaka, ukila wali na kuvaa hariri, utakuwa na amani moyoni?

Zai Wo akajibu: nitakuwa nayo.

Basi kama utakuwa na amani, fanya hivyo. Muungwana aliyefiwa, mwalimu akaongeza, hula kitamu asisikie utamu, husikia muziki usimfurahishe, hukaa nyumbani asipate raha, na ndiyo sababu hafanyi mambo hayo. Wewe ukiwa na amani, endelea.

Zai Wo akatoka. Ndipo Confucius akawageukia waliobaki akasema huyu hana utu. Mtoto hukaa miaka mitatu kabla ya kushuka mikononi mwa wazazi wake. Hivi Zai Wo naye hakupata kwa wazazi wake miaka mitatu ya kupendwa?

Nimekisimulia kisa hiki kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Angalia alichokiacha Confucius. Hakumtishia Zai Wo kwa adhabu ya mbinguni, hakumtajia sheria, wala hakusema mizimu itakasirika. Alimuuliza kuhusu moyo wake. Kwake ada, ile taratibu yote ambayo Wachina waliita li, ni chombo cha kubebea kitu kilichomo ndani, yaani utu, walioita ren. Chombo kisicho na kitu ni maigizo, na kitu kisicho na chombo humwagika. Lakini angalia pia kwamba hoja haikuisha. Mwalimu alisubiri mtu atoke ndipo akamsema, na wanaofundisha wanajua maana yake. Swali la Zai Wo lilibaki mezani: kama kweli mtu hana uchungu tena baada ya mwaka, unamdai nini?

Kabla ya kuwaendea waliojaribu kulijibu, niseme kwamba Confucius hakuwa mshika ada kipofu. Kofia ya ibada zamani ilitengenezwa kwa kitani laini chenye kazi nyingi. Wakati wake watu walivaa ya hariri kwa kuwa ilipunguza gharama, naye akasema hapo anafuata wengi. Ila ada ilimtaka mtu amwinamie mtawala akiwa bado chini, kabla ya kupanda ukumbini. Watu wakaanza kuinama wakiwa wameshapanda. Hiyo, alisema, ni kiburi, na yeye atainama chini hata wote wakimwacha. Badiliko la kwanza liligusa mfuko, la pili liligusa heshima. Kipimo hicho kinafaa hata leo kwa anayevutana na wazee wake kuhusu mila gani iachwe.

Na msiba kwake ulikuwa mwisho wa safari iliyoanza mzazi akiwa hai. Siku hizi, alilalamika, kumtunza mzazi kunahesabiwa kuwa ni kumlisha. Hata mbwa na farasi tunawalisha. Pasipo heshima tofauti iko wapi? Mwanafunzi mwingine alipomuuliza jambo hilo hilo alijibu kwa ufupi zaidi: sura ndiyo ngumu. Kijana kubeba mzigo, mkubwa kupewa chakula na kinywaji kwanza, hayo yanawezekana. Kazi iko kwenye uso unaouonesha ukiwa unayafanya. Anayetuma pesa kwa simu kila mwezi halafu akapokea simu ya mama yake kwa mguno ameshaelewa.

Watu wanaotafuta kanuni za maisha katika Lunyu huchanganyikiwa kwa sababu majibu hutofautiana kwa swali lile lile. Zilu aliuliza kama akisikia jambo jema alitende papo hapo. Hapana, baba na kaka zako wapo, utatendaje bila kuwasikiliza? Ran You akauliza vilevile, akaambiwa: ndiyo, papo hapo. Mwanafunzi wa tatu, Gongxi Hua, akasema ametatizika. Confucius akamweleza kuwa Ran You ni mtu wa kurudi nyuma, ndiyo maana amemsukuma; Zilu ana pupa ya watu wawili, ndiyo maana amemvuta. Ushauri ulipimwa kwa mwili wa mvaaji. Ukiutoa kitabuni na kuubandika kwenye picha bila kujua nani aliambiwa, nusu ya maana imepotea.

Sasa aje mpinzani. Mozi aliishi karne ya 5 KK, muda mfupi baada ya Confucius. Wengi wanaona alitokana na mafundi, maana hoja zake zimejaa bikari na vipimo vya seremala, na kwake jambo jema lazima lipimike. Alipouchukua msiba wa miaka mitatu aliuliza maswali matatu: unawatajirisha maskini? Unaongeza watu? Unaleta utulivu? Akajibu mwenyewe kuwa unashindwa yote matatu. Mali inafukiwa ardhini. Mfiwa anadhoofika kwa njaa hadi ashikwe mkono ndipo ainuke na atembelee fimbo. Mkulima halimi, fundi hatengenezi, mume na mke hawakutani, watoto hawazaliwi. Pendekezo lake: jeneza la mbao ya unene wa inchi tatu za Kichina, nguo tatu za kumsitiri maiti, lia ukienda makaburini na lia ukirudi, kisha rudi kazini. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi atamwelewa haraka.

Ukimwambia Mozi kwamba hizo ni mila za mababu, alikuwa na jibu la kuogofya. Mashariki ya dola la Yue, alisema, kulikuwa na nchi ambako mtoto wa kwanza alikatwakatwa na kuliwa, wakiamini inawafaa wadogo zake. Babu akifa, bibi alibebwa akaenda kutupwa kwa kuwa haifai kuishi na mke wa mzimu. Kusini ya Chu walinyofoa nyama ya maiti wakaitupa, wakazika mifupa. Magharibi ya Qin walichoma maiti, na moshi ukipanda walisema marehemu anapaa. Kila mahali aliyefanya hivyo aliitwa mtoto mwema. Kama simulizi hizo zilikuwa za kweli au za wasafiri, hoja inasimama: kulizoea jambo hakulifanyi liwe jema.

Kutoka hapo Mozi alijenga fundisho lake kubwa, kuwajali watu wote bila upendeleo. Vita, wizi na dhuluma vyote, alisema, vinatokana na kumpendelea wa kwako. Akatoa jaribio: unakwenda vitani, hujui kama utarudi. Familia yako utamwachia nani, rafiki anayewajali watu wote sawa, au anayejali wa kwake tu? Hata anayelicheka fundisho hili, akasema, atamchagua wa kwanza. Mimi nina shaka kidogo. Ningemtafuta wa tatu, yule anayenipendelea mimi.

Hata hivyo Mozi hakuishia kwenye maneno, na hapa ndipo ninapompenda. Alisikia kwamba fundi mashuhuri Gongshu Ban amelitengenezea dola kubwa la Chu ngazi za kupandia kuta za mji, tayari kuvamia dola dogo la Song. Akatembea siku kumi mchana na usiku hadi mji mkuu wa Chu. Alipofika kwa Gongshu alianza hivi: kaskazini kuna mtu amenitukana, naomba uniulie, nitakulipa dhahabu. Gongshu akachukia, akasema msimamo wake ni kutoua mtu. Mozi akainuka akainama mara mbili: basi watu wa Song wamekosa nini? Unakataa kuua mmoja, unakubali kuua wengi?

Walifikishana mbele ya mfalme. Mozi akavua mkanda akauzungusha chini uwe ukuta wa mji, vijiti vikawa mitambo. Gongshu akashambulia mara tisa kwa mbinu tisa, Mozi akazuia zote tisa. Mitambo ya kushambulia ikaisha, ya kuzuia ikabaki. Gongshu akasema: najua namna ya kukushinda, ila sisemi. Mozi akasema: nami najua unachokijua, ila sisemi. Mfalme akataka kuelezwa. Mozi akamwambia kuwa huyu anawaza kuniua. Lakini mwanafunzi wangu Qin Guli na wenzake 300 wako tayari juu ya kuta za Song na mitambo yangu, wanamsubiri adui. Mfalme akaacha kuivamia Song. Mozi aliporudi alipita Song, mvua ikamkuta, akataka kujikinga langoni. Mlinzi wa lango akamkatalia.

Tofauti ya pande hizi mbili inaonekana wazi zaidi kwenye kesi ya kondoo. Mtawala wa She alimwambia Confucius kwa fahari: kwetu kuna mtu mnyoofu, baba yake aliiba kondoo na yeye akatoa ushahidi. Confucius akajibu kuwa kwao wanyoofu ni wa namna nyingine: baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo humo. Sasa weka pembeni yake kisa cha Fu Tun, kiongozi wa wafuasi wa Mozi aliyeishi Qin. Mwanawe aliua mtu. Mfalme Hui wa Qin akamhurumia: wewe ni mzee na huna mtoto mwingine, nimeshaamuru asiuawe. Fu Tun akakataa. Sheria yetu, alisema, ni kwamba anayeua hufa na anayejeruhi huadhibiwa. Mwanawe akauawa.

Naomba msomaji asikimbilie upande. Ukimfuata Confucius hadi mwisho unapata ofisi iliyojaa mashemeji na wapwa, kila mmoja akimsitiri mwenzake. Ukimfuata Mozi hadi mwisho unapata baba anayemkatalia mwanawe msamaha aliokwisha kupewa. Mtetezi wa Confucius atakwambia, na ni kweli, kwamba hakusema mtoto afurahie wizi. Mahali pengine anasema mzazi akikosea mwonye kwa upole, asiposikia endelea kumheshimu bila kuacha msimamo wako. Anachokataa ni mtoto kuwa shahidi dhidi ya baba. Karne mbili baadaye mwanafalsafa Han Fei aliliona tatizo lote kwa jicho la serikali. Alitaja askari wa Lu aliyekimbia vita mara tatu kwa sababu ana baba mzee nyumbani, na Confucius, badala ya kumlaumu, akamsifu na kumpandisha. Mtoto mwema wa baba yake, Han Fei akahitimisha, ndiye msaliti wa mtawala wake.

Aliyejaribu kumwokoa Confucius kutoka kwa Mozi ni Mencius, aliyeishi karne ya 4 KK na kuzaliwa Zou, si mbali na Qufu. Siku moja mfuasi wa Mozi aitwaye Yi Zhi alitaka kuonana naye. Mencius, kupitia mtu wa kati, akamchokoza: ninyi mnahubiri mazishi ya bei rahisi, mbona wewe umewazika wazazi wako kwa fahari? Yi Zhi akajitetea kwamba upendo hauna madaraja, ila kuutekeleza huanzia kwa wazazi. Mencius akauliza kama kweli anaamini mtu humpenda mtoto wa kaka yake sawasawa na mtoto mchanga wa jirani. Kisha akasimulia.

Zamani za kale, alisema, watu hawakuzika. Mzazi akifa walimbeba wakamtupa bondeni. Siku nyingine mtu akapita pale akakuta mbweha wanamla, nzi na wadudu wanamfyonza. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akageuza macho asiweze kutazama. Jasho lile halikumtoka ili watu wamwone. Lilitoka moyoni likajitokeza usoni. Akarudi nyumbani, akachukua kapu na koleo, akafukia. Yi Zhi alipofikishiwa maneno hayo alikaa kimya, kisha akasema: amenifunza.

Hilo ndilo jibu la Mencius kwa Zai Wo na Mozi kwa pamoja: ada haikutoka kwa wafalme, ilitoka kwenye jasho lile. Binadamu, kwake, amezaliwa na vichipukizi vya wema. Mfano wake maarufu ni wa mtoto mchanga anayekaribia kutumbukia kisimani: yeyote atakayemwona atashtuka na kuingiwa na huruma, na si kwa kutaka urafiki wa wazazi wake, wala sifa za wanakijiji, wala kwa kuudhiwa na kelele za mtoto. Hasemi kila mtu atakimbia kumwokoa. Anasema kila mtu atashtuka. Kazi ya maadili ni kuukuza mshtuko huo mpaka uwafikie wasio wako, kuanzia wazee wa nyumbani mwako kwenda wazee wa nyumba nyingine. Na ukuzaji una pupa yake: mkulima wa Song aliyeona miche yake hairefuki aliivuta mmoja mmoja juu, akarudi nyumbani amechoka, akajisifu kwamba ameisaidia. Mwanawe akakimbia shambani akakuta imenyauka yote. Mzazi anayemlazimisha mtoto wa miaka minne aombe msamaha kwa machozi asiyoyahisi anavuta mche.

Wakati huo huo Mencius hakuabudu taratibu. Mjanja mmoja aliyeitwa Chunyu Kun alimtega: ada inakataza mwanamume na mwanamke kupeana vitu mkono kwa mkono, sivyo? Ndiyo. Je, shemeji yako akizama majini, utamshika mkono umtoe? Mencius akasema asiyemtoa shemeji yake anayezama ni mbwa mwitu. Kutogusana ni ada, kumtoa ni kupima uzito wa hali. Nadhani watu wa pwani wanaweza kumjadili Mencius hapo usiku kucha.

Na yeye mwenyewe alionja shubiri ya mazishi. Alipomzika mama yake, mwanafunzi aliyesimamia maseremala alimwambia baadaye kwamba mbao za jeneza zilionekana nzuri kupita kiasi. Mencius akajibu kwamba mtu mwenye uwezo hawezi kubana matumizi kwa mzazi wake. Udongo usiguse ngozi ya marehemu, moyo wa mtoto upate kutulia. Maneno yakasambaa. Mtawala Ping wa Lu alikuwa ameshafungiwa farasi kwenye gari aende kumtembelea, kipenzi chake Zang Cang akamzuia: huyo unayemwita mwadilifu amemzika mama kwa fahari kuliko alivyomzika baba. Safari ikafutwa. Mwanafunzi wake alibaki akieleza kwamba baba alipokufa Mencius alikuwa mtu wa cheo kidogo, na mama alipokufa alikuwa na uwezo. Fitina za msibani hazikuanza jana.

Jibu ninaloliona la kina kuliko yote ni la Xunzi, wa karne ya 3 KK. Huyu alikuwa upande wa Confucius lakini alimpinga Mencius waziwazi: binadamu hazaliwi mwema. Ukimwacha afuate tamaa zake atagombana na kupora. Wema ni kazi ya mikono, mti uliopinda hunyooka kwa kupashwa mvuke na kubanwa. Basi Zai Wo ambaye moyo wake umetulia baada ya mwaka? Xunzi hashangai. Kuna watu, anasema, wazazi wao wakifa asubuhi, jioni wameshawasahau, na ukiwafuata hao hata ndege na wanyama watakushinda. Kuna wengine ambao ukiwaachia uchungu wao, miezi 25 itapita kama gari la farasi wanne linaloonekana kwenye ufa, na hawatamaliza kamwe. Ndipo wahenga wakaweka kati. Ada huurefusha uchungu mfupi na huukata uchungu mrefu.

Kukata ndiko tunakokusahau. Tunadhani matanga yapo ili tuhuzunike vya kutosha, kumbe siku ya kuanua tanga ipo ili aliyefiwa aambiwe kwa heshima kwamba sasa anaruhusiwa kucheka. Anayejua eda ya miezi minne na siku kumi anaujua mpaka huo: una mwanzo, una mwisho, na haumwachi mjane abahatishe mwenyewe lini imetosha. Xunzi pia hakuhitaji mizimu. Ukifanya tambiko la mvua na mvua ikanyesha, anasema, hakuna ajabu. Ingenyesha hata bila tambiko. Muungwana huliona tambiko kuwa pambo la maisha, watu wa kawaida huona ni kazi ya mizimu.

Kuna mwanafalsafa aliyeucheka mjadala wote, Zhuangzi. Mkewe alipofariki, rafiki yake Huizi alikwenda kumpa pole akamkuta amekaa chini amepanua miguu, anapiga beseni kama ngoma na kuimba. Huizi akamkaripia: umeishi naye, amekuzalia na kulea, amezeeka nawe, kutolia ni kitu kimoja, kuimba kumezidi. Zhuangzi akasema hata yeye mwanzoni aliumia. Kisha akafikiri: kabla hajazaliwa hakuwa na uhai, wala mwili, wala pumzi. Vikabadilika vikawa yeye, na sasa vimebadilika tena, kama majira ya mwaka. Amelala katika chumba kikubwa. Kumlilia kwa kelele kungeonesha sijaelewa. Na kifo chake mwenyewe kilipokaribia, wanafunzi walitaka kumzika kwa heshima zote. Akakataa, mbingu na ardhi ndizo jeneza langu. Wakasema wanaogopa kunguru na mwewe watamla. Juu watanila kunguru, akajibu, chini watanila mchwa. Mbona mnawaonea hawa na kuwapendelea wale?

Wafuasi wa Zhuangzi na wa Laozi, mhenga wa njia hiyo hiyo, walishuku kwamba watu wakianza kuzungumza sana kuhusu wema, ujue wema wenyewe umeshaondoka. Ni onyo zuri kwa wahubiri, ingawa sijui kama linasaidia kulea watoto.

Mambo hayakubaki vitabuni. Qin ilipoyameza madola yote, waziri Li Si, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Xunzi, alishauri vitabu vya falsafa vichomwe, ikawa mwaka 213 KK. Kundi la Mozi halikuinuka tena. Ukoo wa Han uliokuja baadaye ulimrudisha Confucius, na mwaka 66 KK mfalme akatoa amri kwamba mtoto anayemsitiri mzazi wake asiadhibiwe: kondoo wa She akawa sheria. Likizo ya msiba nayo baadaye ikawa lazima kwa maofisa. Mwaka 1577, zama za Ming, waziri mkuu Zhang Juzheng alifiwa na baba, na mfalme, aliyekuwa bado kijana mdogo, akaamuru abaki kazini kwa kuwa serikali ilimhitaji. Ilikuwa hoja ya Zai Wo kabisa. Maofisa waliompinga walichapwa viboko hadharani.

Mitihani ya kuingia serikalini, iliyowalazimisha vijana kukariri Confucius na Mencius, ilifutwa mwaka 1905. Mwaka 1966 vijana wa Walinzi Wekundu, wafuasi wa Mao Zedong, walikwenda Qufu kuharibu makaburi ya ukoo wa Confucius. Mwaka 2005 jina lile lile lilibandikwa kwenye taasisi ya kufundisha Kichina katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza Afrika. Mwaka 2012 sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nchini China ilirekebishwa: mwenzi, mzazi na mtoto wa mshitakiwa hawawezi kulazimishwa kufika mahakamani kutoa ushahidi.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 2013, ilianza kutumika sheria inayowataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Siku hiyo hiyo mahakama ya Wuxi iliamuru binti mmoja amwone mama yake angalau mara moja kila miezi miwili. Confucius asingeridhika na hukumu hiyo, maana hakimu anaweza kuamuru miguu tu. Xunzi angeikubali, kwa hesabu kwamba mtu akishakaa na mama yake mara ya kumi, ya kumi na moja haihitaji hakimu. Mimi kwa hili niko na Xunzi.